Upande wa Rukia kwenye Sinia

Wajukuu zangu, pamoja na nyinyi watoto wa jirani mnaokuja kukaa barazani kwangu mkisema mnataka kujifunza kazi yangu, nianze kwa kuwaudhi kidogo. Kazi yangu haikuwa kupika. Kupika kila mtu anajua. Hata mwanamume akiachwa na mkewe, kabla mwezi haujaisha utasikia harufu nzuri inatoka chumbani kwake. Mimi nilikuwa nalisha. Watu wa Kariakoo, wa Gerezani, wa Mchafukoge, na wengine wa kule Buguruni kwenye minazi, walikuja kunichukua niwalishie watu wao ambao chakula kimewakataa: mwanamke aliyejifungua akatokwa na damu nyingi, mzee aliyefiwa, mtu aliyetoka hospitali ngozi imeshikana na mifupa. Nilianza nikiwa msichana, Mwingereza bado hajatulia vizuri kwenye nchi, nikaendelea mpaka vita vya pili vilipoingia na mchele ukawa wa kupanga foleni.

Mnaniuliza siri yangu ilikuwa nini. Hapakuwa na siri. Palikuwa na uji.

Msicheke. Mtu aliyekonda kwa hofu, kutafuna kunamshinda. Tonge linazunguka mdomoni mpaka anaona haya. Lakini kitu laini, cha vuguvugu, kidogo kidogo, hukimeza. Uji wa ulezi, na si ule mnaopika nyinyi, maji matupu yenye rangi. Unatia karanga zilizosagwa mpaka zikatoa mafuta, unatia tui la kwanza au maziwa, na ukiona umekuwa mzito mno unaongeza maziwa tena, si maji. Kikombe kidogo asubuhi, kingine jua likipanda, kingine alasiri. Katikati unapitisha ndizi mbivu, tende, yai la kuchemsha lililopondwa na samli. Kila kikombe kinabeba kitu, na hakuna kikombe kinachomtisha. Ukimwekea sahani iliyorundikwa wali umemfukuza kabla hajakaa.

Aliyenifundisha hayo ni Bi Tabu, mwanamke wa Kariakoo mwenye ulimi mkali, aliyetafuna tumbaku tangu asubuhi na kutema bila kuangalia nani anapita. Siku yangu ya kwanza naye nilimwinamia mgonjwa nikamwambia kwa huruma zangu zote, "Kula, mama, kula upate nguvu." Bi Tabu akanishika mkono akanivuta mpaka uani.

"Umemwambia nini yule?"

"Nimemwambia ale."

"Kwani hajui kwamba inampasa ale? Mtaa mzima umeshamwambia. Wewe weka kikombe, zungumza habari za watu wengine, uondoke zako. Na usirudi kuchungulia kama polisi."

Alikuwa na makatazo yake, na mimi nawaachia nyinyi. Usimpe chai wala kahawa kabla ya chakula, hudanganya tumbo likajiona limeshiba. Usikaange samaki karibu na anapokaa, shombo hufunga koo. Mtembeze kidogo kabla ya mlo, hata kama ni mpaka mwisho wa uchochoro na kurudi. Usiingoje njaa yake, maana njaa ya mtu mwenye wasiwasi hupotea kabisa, na ukiingoja utazika mtu. Mpe saa zake zilezile kila siku, tumbo litajifunza. Na mtu akikonda bila sababu inayoonekana, apelekwe hospitali kwanza, ndipo sisi wa sufuria tuitwe. Wengi walimwona Bi Tabu hana akili kwa neno hilo la mwisho. Mimi nilimkubali, na bado namkubali.

Kila mtu na hofu yake ilipokaa. Nilipata kumlisha kuli mmoja wa bandarini ambaye kasha lilianguka mbele yake likamuua mwenzake. Huyo akikaa chini kula alianza kutetemeka, akitazama dari. Nilihangaika naye weee, mpaka nikagundua kwamba akiwa anatembea anakula. Basi nikawa namjaza karanga na tende mifukoni, namtuma huku na huku kama punda, leo nenda kaniangalizie bei ya nazi sokoni, kesho nenda kamsalimie fulani. Alirudi na mashavu. Mkewe alilalamika kwamba nimemzoesha kuzurura.

Lakini mnachotaka nyinyi ni habari ya nyumba ya Mchafukoge. Najua. Mama zenu wamewaambia nusu, na nusu yenyewe wameitia chumvi. Sogeeni basi.

Bwana Nasoro alikuwa Mwarabu mwenye duka la jumla, akiuza mchele, tende na samli; wenye vijiduka wa Kariakoo walinunua kwake. Duka lilikuwa mbele, nyuma yake ua, na vyumba vya familia vimeuzunguka ua. Mkewe aliitwa Bi Zuwena. Walikuwa na mabinti watatu: Rukia mkubwa, Salma wa kati, ambaye alikuwa mwari wa ndani tayari, na Asha, mtoto mdogo aliyekuwa bado anang'oka meno. Rukia alipata homa, akafa kabla watu hawajaamini kwamba anaumwa. Baada ya msiba Asha alipelekwa kwa shangazi yake Buguruni, kwa kuwa mama kila akimtazama mtoto alilia. Salma akabaki nyumbani, na akaacha kula.

Bwana Nasoro alikuja kwangu mwenyewe, mzee mzima na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Bi Mwajuma, mwanangu ananiishia."

"Umempeleka hospitali?"

"Nimempeleka. Daktari amempima kifua, amempima damu, anasema haoni ugonjwa. Anasema apewe kidogo kidogo, mara nyingi, na maziwa kwa wingi. Akizimia nimrudishe."

"Basi mimi na daktari tumesema jambo moja," nikamjibu. "Tofauti ni kwamba mimi nitakaa naye."

Nilimkuta Salma uani, kivulini, anachagua mchele. Jua lilikuwa kali hata kunguru wamenyamaza, lakini alipoupokea mkono wangu, wake ulikuwa wa baridi. Alivaa bangili za fedha, nazo zilicheza mkononi kama zimeazimwa.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mwanangu."

"Utachoka bure," akasema kwa adabu, bila kunitazama.

Siku ya kwanza mama yake alishikilia kwamba apewe bokoboko, lile la ngano na nyama iliyosagika, lenye samli ya kuogelea. Mimi mgeni, nikamwachia. Binti akalitapika lote, akakaa siku nzima hataki hata kusikia harufu ya jiko. Tumbo lililozoea utupu ukilishindilia mafuta kwa mara moja litakurudishia. Tukaanza upya kwa vikombe vyangu. Nilimwekea uji pembeni ya ungo wa mchele, nikampigia soga za watu wa Kariakoo, nani kaolewa, nani kakimbiwa, na mkono wake ukawa unakwenda kwenye kikombe wenyewe. Nikaona naanza kushinda.

Bwana Nasoro hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa duka, na mtu wa duka haamini kitu mpaka akipime. Dukani alikuwa na ile mizani kubwa ya chini, ya kupandishia magunia. Kila Alhamisi jioni, milango ikifungwa, alimwita Salma apande. Binti alisimama katikati ya magunia, macho chini, baba akisogeza jiwe la mizani polepole. Uzito ukiwa umepungua, mzee alishusha pumzi kwa sauti. Basi Ijumaa yote Salma hakupitisha kitu. Nilimwomba aache. Mtu wa wasiwasi ukimpima kila mara mbele ya watu, umempa jambo jingine la kuogopa. Mtazame bangili zake, mtazame anavyopanda ngazi, inatosha.

Akasema ataacha, ila apime mara moja ya mwisho. Mimi nilikuwepo. Salma akapanda, mzee akasogeza jiwe, na ule mkono wa chuma unaolibeba jiwe ukabaki juu. Akalisogeza tena, bado uko juu. Lilipokwenda mbali sana ndipo chuma kikatulia, na Bwana Nasoro akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akamwita mkewe aje aone. Binti alikuwa na uzito wa mtu aliyeshiba miaka yote.

Mimi nilitazama mkono wake alioshikia gunia. Bangili zilikuwa zimeteremka mpaka kwenye kiwiko.

"Shuka, mwanangu," nikamwambia.

Akashuka. Mizani ilikuwa tupu, sote tunaiona, na mkono wa chuma ulikuwa bado uko juu umetulia. Ukakaa hivyo muda wa kumeza mate. Kisha ukaanguka, ta, kama mtu mwingine ameshuka nyuma yake.

Kesho yake Bwana Nasoro alipandisha gunia la mchele, akapandisha jingine. Mizani ilisema kweli kwa magunia yote. Hakumwita tena binti yake apime, na mimi sikuhitaji kumkumbusha.

Sasa lazima niwaeleze namna watu wa nyumba ile walivyokula, la sivyo hamtaelewa. Rukia na Salma walikula pamoja, wawili, chumbani mwao, kwenye sinia moja, tangu wadogo. Kila mmoja alikuwa na upande wake. Rukia alikaa akielekea mlango, Salma akielekea ukuta. Nyama iliwekwa katikati, kipande kimoja, na mkubwa ndiye aliyeigawa kwa mkono wake na kumsogezea mdogo. Kisha mkubwa akaanza kula. Mdogo hatii mkono kabla yake, hata kama anakufa njaa. Hiyo ndiyo heshima yao, na hata kwetu Kariakoo nyumba nyingi zilikuwa hivyohivyo.

Rukia alipokufa, Bi Zuwena hakupunguza kipimo. Kila adhuhuri sinia la watu wawili liliingia chumbani kama zamani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kila akichukua kibaba apunguze mchele, mkono wake unakataa.

Mimi nilikuwa nikiliacha sinia mlangoni, Salma analipokea, kwa sababu ya lile fundisho la Bi Tabu la kutochungulia. Likirudi, wali haujaguswa au umeguswa kidogo sana, lakini nyama imegawanywa vizuri. Nilijipa moyo kwamba anajaribu. Baada ya ile mizani, nikaamua kuingia.

Adhuhuri ya Mchafukoge mnaijua. Maduka yamefungwa watu waswali na walale, mtaa mweupe kwa jua, husikii hata mkokoteni. Niliingia na sinia nikaliweka kwenye mkeka. Wali wa nazi, mchuzi, na kipande kimoja cha nyama ya mbuzi juu yake, kizima. Nilikiweka kwa mkono wangu. Nikamnawisha Salma. Nikageuka kuweka birika karibu na mlango, nikarudi.

Nyama ilikuwa vipande viwili. Haikukatwa kwa kisu, ilichanwa kwa vidole, nyuzinyuzi zinaonekana. Kile kikubwa kimesogezwa upande wa Salma. Na mikono ya Salma ilikuwa mapajani, viganja juu, inadondosha maji niliyomnawisha, haina hata alama ya mafuta.

"Nani amegawa?" nikauliza.

"Dada."

Alisema kama anayeniambia mvua imeanza kunyesha.

"Sasa mbona huli?"

"Hajaanza."

"Na jana?"

"Jana hakuanza pia. Tangu afe hajaanza hata mara moja, Bi Mwajuma. Ananigawia, halafu anakaa." Akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni. "Nitatangulia vipi mimi?"

Niliogopa, nawaambieni ukweli. Nilitamani kukimbia mpaka Kariakoo bila viatu. Lakini nilimtazama yule mtoto, shingo ilivyosimama kama mpini, nikamwonea uchungu uliozidi hofu yangu. Alikuwa ana njaa. Watu wote tulidhani hana hamu ya chakula, kumbe kila adhuhuri alikaa mbele ya wali wa nazi akiwa na njaa, anangoja ruhusa ya mtu asiyeweza kuitoa.

Basi nikajaribu ujanja wangu. Nilimwekea sahani yake peke yake. Akaisukuma taratibu. "Nikila huku, yeye atakula na nani?" Siku nyingine nikasema nitakaa mimi upande wa Rukia, nigawe, nianze, mambo yaishe. Nilikwenda pale mahali. Salma akanidaka mkono kwa vidole vya mifupa mitupu, na nguvu sijui alizitoa wapi.

"Usimkalie."

Hata asingenishika nisingekaa. Magoti yangu yalikuwa yameshakataa kukunjika. Palikuwa patupu, mkeka tu na ukuta, na mwili wangu ulijua kama unavyojua gizani kwamba mbele yako amesimama mtu.

Bi Zuwena alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mpole, akasoma, akaomba dua ndefu nzuri. Nilipompa maji ya kunywa nilimsimulia. Akasema aliyekufa ameshaondoka na roho haigawi nyama. Nami nilikubaliana naye. Lakini adhuhuri ilipofika nyama iligawiwa.

Vikombe vyangu viliendelea, maana uji haugawiwi, na Salma hakuona kwamba ni mlo. Ndivyo vilivyombakisha. Ila mtu hawezi kurudisha mwili kwa kunyweshwa huku kila mchana anakaa mbele ya sinia akijifunza kutokula. Asubuhi moja nilikuwa namtembeza uchochoroni akakunjamana mikononi mwangu bila sauti. Tulimpakia kwenye gari la kukokotwa na mtu, tukampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza moyo muda mrefu, akatutoa nje mimi na Bwana Nasoro.

"Bado sioni ugonjwa," akasema. "Lakini masika yanakuja na mbu wake. Mwili huu ukipata homa moja tu, hauna cha kupigania. Mnaelewa?"

Bwana Nasoro aliitikia kwa kichwa. Njiani kurudi alitembea nyuma ya lile gari, fimbo yake inaburuzika, na mimi nilijifanya sioni analia.

Siku ile sikupika kitu. Nilikaa jikoni nikafikiri, na nilifikiri kama mtu wa kazi, habari za mizuka nikaziweka pembeni. Ni nani kwenye nyumba hii anayeruhusiwa kula bila kungoja? Ni mkubwa wa sinia. Na Salma hawezi kuwa mkubwa, kwa sababu chini yake hapana mtu. Nilipofika hapo nikainuka nikaenda kwa Bi Zuwena.

"Mrudishe Asha."

Akanitazama kama nimemtukana. "Asha? Nimlete mtoto mdogo ndani ya nyumba hii?"

"Ndiyo. Na aingie chumbani mle, ale na dada yake."

"Na hicho kitu kikimchukua na yeye?"

Nikakaa chini, nikamshika miguu, maana nilikuwa namwomba kitu kikubwa. "Bi Zuwena, nyama inapogawiwa mle ndani, Salma hupewa kipande kikubwa. Kila siku. Nimeona kwa macho yangu. Hiyo si tabia ya kitu kinachochukua watoto."

Alilia sana. Alilia kwa namna ambayo nadhani hakuwa amelia hata siku ya maziko, kwa sauti, akimtaja Rukia kwa jina, na mimi sikumnyamazisha. Alipomaliza akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani, akamtuma mtu Buguruni.

Asha aliletwa kesho yake na shangazi, mashavu yamejaa, amechoka na safari, na jambo la kwanza aliuliza kuna nini cha kula. Nilimwosha, nikamwingiza chumbani kwa Salma. Dada mtu alimkumbatia, lakini macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa pili. Nikamkalisha mtoto upande wa Salma, ubavuni kwake. Upande wa Rukia nikauacha ulivyo. Sikumwambia mtoto lolote. Alikuwa amezaliwa nyumba ile, hakuhitaji kufundishwa kungoja.

Nikaweka sinia. Wali, mchuzi, na nyama kipande kimoja, kizima. Nikawanawisha wote wawili, na safari hii sikugeuka. Birika nikalishikilia mkononi, nikasimama ninaikodolea macho ile nyama.

Haikuguswa. Salma alikuwa anaingoja kuliko mimi. Niliona vidole vyake vikifinya kanga. Mtaa ulikuwa kimya. Mvuke wa wali ulipanda, ukapungua, ukaisha. Nyama ilibaki nzima.

"Dada Salma," Asha akasema, "mimi nina njaa."

"Kula basi."

"Hujanigawia."

"Anayegawa ni dada Rukia."

"Dada Rukia amekufa," mtoto akasema, bila ubaya wowote, kama watoto wanavyosema. "Mkubwa wewe."

Mtoto alikunja mikono yake midogo mapajani, viganja juu, vilevile kama nilivyomwona dada yake akifanya, akatulia kungoja. Salma aliitazama ile mikono. Akashika ukuta, akainuka, miguu haimtii, nami nikajizuia nisimsaidie. Akalizunguka sinia polepole mpaka upande wa pili, akasimama mbele ya ule mkeka mtupu.

"Nipishe, dada," akasema.

Hakukaa mara moja. Alingoja kidogo, kama unavyomngoja mtu akusanye nguo zake ainuke. Nilikuwa nautazama mkeka. Ile miaa ya mkeka iliyokuwa imelala kama imekaliwa ikainuka taratibu, moja moja, na kitu kikapita karibu yangu kuelekea mlangoni, si upepo, maana pazia halikucheza. Ndipo Salma akakaa. Akaweka kiganja chini, pembeni mwake.

"Pana joto," akasema.

Kisha akaivuta nyama. Vidole havikuwa na nguvu, aliichana kwa shida, nyuzi kwa nyuzi. Kipande kikubwa akamsogezea mdogo wake. Kidogo akaweka mbele yake. Asha hakugusa, alikuwa ameikazia macho midomo ya dada yake. Salma akasema bismillahi kwa sauti tuliyoisikia sote, akafinyanga tonge dogo sana, akatia mdomoni. Lilipozunguka mara ya kwanza, ndipo mtoto akachota.

Alitafuna muda mrefu. Machozi yalimtoka yakadondokea kwenye wali, akaendelea kutafuna, na niliona koo likipanda na kushuka. Tonge la pili alilichukua mwenyewe, kabla Asha hajamaliza lake la kwanza. Mimi nikatoka nikarudi jikoni, nikasaga karanga za uji wa alasiri, kwa sababu kazi ya kumnenepesha ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.